Karatasi Kumi za Kupimia

Rumonge, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Hakimu,

Asalaam alaykum. Sisi huku ni wazima, ukihesabu pamoja na wale wasio wazima sana. Goti langu limenuna tangu mvua zianze. Binti yangu Raisa amejifungua mtoto wa kike, mnene, analia kama anagombana na mtu, na mumewe anatembea mtaani kifua mbele utadhani amejifungua yeye. Msalimie wifi na watoto.

Utashangaa dada yako ameshika kalamu wakati simu iko. Simu yangu ikilia sokoni wanaisikia wanunuzi wote wa mawese, na wewe mwenyewe ulinikataza kuandika mambo haya kwenye WhatsApp. Kwa hiyo barua hii anayo Revokatus, dereva wa Hiace, pamoja na ndoo yenu ya mawese. Akipata mafuta ya gari atafika Bujumbura na kuikabidhi kwenye basi la Gitega. Asipopata, utaisoma Mungu akipenda.

Sasa neno lenyewe. Nour amerudi kwenye busti, ule unga wa kulevya. Nimemfungia ndani siku nne. Nimemsomea dua. Nimempeleka Nyanza-Lac kwa baba yake mdogo akalime, akarudi kwa miguu yake. Mwanangu ana miaka ishirini na sita, siwezi kumfunga kamba. Ameandikwa kwenye orodha ya kituo cha matibabu kule Bujumbura, wanaita watu kwa zamu, labda mwezi wa sita au wa saba. Mpaka aitwe, nataka awe hai. Sitaki kingine.

Unga wa siku hizi unachanganywa na sumu ya maabara, wanaiita fentanili, na mtu anaondoka kabla hajamaliza kuvuta. Agneta, muuguzi wa kituo chetu cha afya, yule aliyerudi kutoka kambi za Tanzania, aliniita pembeni. Akaniambia: "Mama Nour, kuna karatasi ndogo za kupimia. Mutu anatia unga kidogo mu maji, anachovya karatasi, inaonyesha kama sumu iko. Lakini wakikukamata nayo, ni kama wamekukamata na busti yenyewe."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema sheria inakataza chombo chochote cha kutengenezea, kupimia au kutumia. Hakimu, wewe ndiye katibu wa kamisheni inayoipitia sheria hiyo. Ondoeni hilo neno "kupimia". Huku sokoni mnunuzi anatia tone la mawese kwenye moto, likipasuka anajua limetiwa maji, na hakuna polisi anayemshika kwa kupima. Kwa nini mama ashikwe?

Nijibu upesi.

Dada yako,
Biasha


Gitega, 2 Machi 2025

Dada yangu mpenzi Biasha,

Amahoro, na Ramadhani njema. Ndoo ilifika ikiwa imejaa, murakoze sana. Wifi yako amepika maharage kwa mawese hayo mpaka majirani wakaja kuulizia chumvi ambayo hawakuwa na haja nayo. Mpongeze Raisa. Watoto wanasoma, isipokuwa wa pili, ambaye anasoma mpira.

Kuhusu lile jambo. Nimelisoma mara mbili na limeniumiza. Lakini lazima uelewe kazi ilivyo. Kamisheni inakutana mara moja kwa mwezi, na mwezi uliopita haikukutana kwa sababu wajumbe wawili hawakupata mafuta ya kusafiri. Wapo wanaosema kwamba kuruhusu vipimo ni kuwaambia vijana watumie tu. Wapo wanaosema ni mambo ya Wazungu. Mimi ni katibu, dada. Kazi yangu ni kuandika wanayosema wengine.

Hoja inaweza kuletwa, sikatai. Inahitaji kuletwa na mtu ambaye haiwezi kumrudia. Nikiileta mimi wataniuliza: bwana katibu, kwenu nani anatumia? Jina la baba yetu halijawahi kutajwa kwenye mambo kama hayo.

Mwambie Nour mjomba wake anamwombea. Mwambie ajikaze.

Mdogo wako,
Hakimu


Rumonge, 17 Machi 2025

Hakimu,

Waalaykum salaam. Tumefika kumi na sita Ramadhani, na mimi nimechoka kuliko umri wangu. Mtoto wa Raisa ameitwa jina la mama yetu. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wamepanda bei. Hizo ndizo habari.

Zakaria amekufa. Humjui, ni rafiki ya Nour, fundi wa injini za mitumbwi, Mkristo, mpole, aliyekuja kunisaidia kushusha ndoo bila kuitwa. Walimkuta asubuhi nyuma ya vitanda vya kuanikia ndagala, amekaa, mgongo kwenye nguzo. Mama yake alidhani amesinzia akamfunika kanga. Nour alikuwa naye jioni iliyotangulia, akaondoka mapema kwa sababu nilimwambia aje kufuturu. Ndiyo sababu bado ninaye.

Nimeisoma barua yako. Maneno mengi, na yote yamevaa tai. Unasema watakuuliza nani kwenu anatumia. Waambie ni mpwa wako. Waambie anaitwa Nour, nilimbeba mgongoni tulipokimbia kwenda Kigoma mwaka ule wa vita, alikuwa hawezi kunyamaza ila nikimtia kidole mdomoni. Jina la baba yetu halitavunjika kwa hilo. Baba alikuwa muuza samaki, Hakimu, si sultani.

Nina hofu, ndugu yangu. Kila akitoka naangalia nguo aliyovaa, nisije nikashindwa kuieleza. Nisaidie.

Biasha


Gitega, 12 Aprili 2025

Dada Biasha,

Salaam, na Idi iliyopita. Sote wazima. Pole kwa Zakaria, nimesikitika kweli.

Ndoo yako inarudi. Kwetu ndoo ya mtu hairudi tupu, kwa hiyo wifi yako ametia sukari na sabuni, na kitenge cha mtoto wa Raisa. Chini ya sukari kuna mfuko wa plastiki. Ndani yake kuna karatasi kumi za kupimia. Nilizipata Nairobi kwenye semina mwaka jana, zimekaa kabatini kwangu tangu siku hiyo. Ndiyo, nilikuwa nazo ulipoandika barua ya kwanza. Naomba usiniulize.

Nimeondoa paketi na nimechana ile karatasi ya maelezo, kwa sababu jina la kitu limeandikwa wazi kwa Kifaransa, na kwenye vizuizi vya barabara kuna watu wanaojua kusoma. Bila maelezo zinaonekana kama za hospitali tu. Ni rahisi: unga kidogo, maji, chovya, subiri, mistari itatokea. Usimwonyeshe mtu yeyote, hata Agneta. Agneta ni mwema lakini akiulizwa atasema ukweli, na ukweli huo utaanza na jina langu.

Hoja ya sheria imeahirishwa tena, labda Septemba. Lakini sasa hamna haja ya kuingoja, nyinyi mnacho mnachokihitaji. Choma barua hii.

Hakimu


Rumonge, 27 Aprili 2025

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Asalaam alaykum warahmatullah. Leo nakuandikia na moyo mweupe. Ndoo imefika, sukari imefika, kitenge kimefika na Raisa amekataa kukikata, anasema ni kizuri mno kwa mtoto anayetapika. Na ule mfuko umefika.

Nilimwita Nour chumbani nikafunga mlango. Alicheka kwanza. "Mama, leo umekuwa daktari wa busti?" Nikamwambia nimekuwa chochote utakachotaka, lete. Tukatia unga kidogo kwenye maji kwa kijiko cha chai, tukachovya. Ukatokea mstari mmoja. Tukangoja zaidi, tukasogea dirishani, mmoja tu. Nour akasema, "Ona, Mama, iko negatifu, kama ya malaria." Nami nimepima watoto wangu malaria tangu vipimo hivyo vilipoanza kuja, najua. Mmoja, huna. Miwili, unayo. Nikasema alhamdulillahi. Nikamwambia basi, mwanangu, iko sawa.

Jana tumepima tena, unga wa muuzaji yuleyule. Mstari mmoja tena. Nour amesema atakuwa ananunua kwa huyo tu. Amelala sana siku hizi mbili, mpaka nilimwamsha kula, lakini nadhani ni uchovu, na hata mimi nimelala. Miezi sijalala hivyo.

Samahani kwa maneno ya barua iliyopita. Una woga wako, lakini ulipofika wakati ulitoa mkono. Zimebaki nane. Sikumwonyesha mtu.

Dada yako anayekuombea,
Biasha


Gitega, 9 Juni 2025

Dada yangu,

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'un. Nimesema hayo msibani na narudia hapa, sina mengine. Samahani nimekaa wiki tano bila kuandika. Samahani pia niliondoka siku ya pili, kabla ya hitima. Niliitwa kazini.

Nasikia umewaambia watu kwamba ni moyo uliomwondoa Nour. Umefanya vyema. Moyo ni moyo, hakuna atakayechunguza.

Kula, dada. Raisa ameniambia huli. Goti likikuuma mpigie simu Agneta akuletee dawa, lakini usizungumze naye mambo mengine. Zile karatasi zilizobaki naomba uzichome, pamoja na barua zangu zote. Hazina kazi tena.

Hoja ya sheria sijui itafikia wapi.

Hakimu


Rumonge, 3 Julai 2025

Hakimu,

Salaam. Watu wa nyumbani wazima. Mtoto wa Raisa amekaa mwenyewe.

Sikuzichoma. Zilibaki sita, nyingine Nour alizitumia. Wiki iliyopita nilizifunga kwenye leso nikampelekea Agneta, maana nilikuwa nataka kujua tulikosea wapi, kama zilipata joto njiani au kama tulitia maji mengi. Nilimweleza yote, tangu kijiko. Nilipofika kwenye mstari mmoja aliweka kalamu chini.

Akasema, "Mama Nour, hii haifanane na ya malaria. Hapa mistari mbili ndiyo hakuna. Mustari moja ndiyo sumu iko." Akarudia kwa Kirundi, akidhani sikusikia. Nilisikia mara ya kwanza.

Niliuliza kama kuna maelezo yanayokuja nazo. Akasema yapo, tena yana picha.

Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri. Mara mbili karatasi ilituambia, na mara mbili nikamwambia mwanangu iko sawa. Si muuzaji aliyemwambia, ni mimi. Alikuwa ananiangalia usoni kusubiri nitasema nini, kama alivyokuwa akiniangalia akiwa mdogo nikionja uji wake kama ni wa moto.

Nina swali moja, naomba ulijibu. Barua yangu ya mwezi wa nne ilikufikia siku gani? Nauliza kwa sababu ya ile simu ya Ijumaa. Ulipiga mchana, hupigi Ijumaa mchana. Uliuliza Nour hajambo, nikasema amelala, ukasema mwache apumzike. Halafu ulinyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Jumamosi alasiri nilimkuta amekuwa baridi.

Ulipiga kusema nini?

Biasha


Gitega, 21 Julai 2025

Dada,

Sina salamu ya kukupa. Wote wazima.

Barua ilinifikia Ijumaa hiyo, tarehe mbili Mei, saa nne asubuhi, ofisini. Niliisoma nimesimama. Nilijua maana ya mstari mmoja. Nairobi walitufundisha, na tulicheka mezani kwamba ni kinyume cha malaria, na mtu mmoja akasema siku moja jambo hilo litaua mtu. Nililikumbuka neno hilo kabla sijamaliza ukurasa.

Nilikupigia mchana kwenye korido. Wajumbe wawili wa kamisheni walikuwa pale wakinywa kahawa. Nilitaka kusema mwamshe, mpeleke kwa Agneta, mwaga unga wote. Badala yake nikasema yale uliyoyasikia. Nikajiambia jioni nitapiga nikiwa peke yangu. Jioni nilikuwa peke yangu, simu ilikuwa na chaji, mtandao ulikuwepo. Sikupiga. Niliogopa utaniuliza kwa nini sikusema mchana. Ni hilo tu, dada, nimelitafutia sababu kubwa zaidi kwa miezi miwili na sijaipata.

Nilichana maelezo ili nisikamatwe. Nilikuambia usimwonyeshe Agneta ili nisitajwe. Nilikuletea vitu vya magendo ili nisiinuke kikaoni kusema neno moja.

Tarehe kumi na tano mwezi huu nimeinuka. Nimewasomea barua yako ya tarehe 27 Aprili yote, na nimesema mpwa ni wangu na karatasi nilizileta mimi. Mwenyekiti aliniomba niache ukatibu siku ileile, na kesi yangu itaamuliwa na wengine. Lakini hoja imeandikwa: neno "kupimia" liondoke, na vipimo vitolewe kwenye vituo vya afya, na mtu wa kuvieleza. Watu kama Agneta.

Wataijadili tarehe 19 Agosti. Wamesema watamsikiliza mtu mmoja aliyepatwa, kwa jina lake, na bila mtu huyo wanaifunga, kwa sababu barua iliyosomwa na mimi si ushahidi. Nao hawakuahidi kukulinda. Kwa sheria ya leo, ulikuwa na vifaa vilivyokatazwa, na bado unavyo. Siwezi kukuomba uje. Sina uso wa kukuomba chochote. Nimekuandikia ujue tu.

Hakimu


Rumonge, 6 Agosti 2025

Hakimu,

Waalaykum salaam, hata kama hukutoa.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaenda sokoni. Niliuza mawese siku nzima, nikakosea chenji mara nne. Usiku Raisa aliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo. Nilikuchukia siku kumi na mbili mfululizo, na sijui ya kumi na tatu itakuwaje. Ungesema neno moja. Hata kwa Kifaransa, hata kwa mafumbo, ningekimbia na goti hili.

Ijumaa iliyopita nilimfuata imamu nikamwambia haukuwa moyo. Nilimwambia ni busti, na nilimweleza karatasi. Alinisikiliza, akaniombea, akaniuliza kama anaweza kumweleza mkewe. Nikasema aeleze. Tangu hapo wamekuja mama watatu nyumbani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema amekuja kuniangalia tu. Wa tatu ni mama yake Zakaria. Wote mwishowe wameuliza jambo lilelile: wapi zinapatikana, na mstari unasomwaje. Wa kwanza ana watoto wawili wanaotumia. Nimewafundisha kusoma mstari. Za kuwapa sina ruhusa, na Agneta hana ruhusa, na wao wamerudi nyumbani kungoja kama nilivyongoja mimi.

Kwa hiyo nakuja. Revokatus ameniwekea nafasi ya tarehe kumi na saba, kama mafuta yatakuwepo, na yasipokuwepo nitatoka tarehe kumi na sita na gari la ndizi. Zile sita nitazibeba mkononi, wazi. Wakitaka kunishika wanishike pale mezani mbele ya wote, waandike kwamba wamemshika mama kwa kujua kupima. Agneta ameniandikia maelezo kwa Kirundi na Kiswahili, na picha amechora yeye mwenyewe, vibaya, lakini mtu anaelewa.

Sijakusamehe. Siku nyingine najaribu, siku nyingine hata sijaribu. Lakini Gitega sina ndugu mwingine, na siwezi kwenda kulala kwa watu wakati mtoto wa mama yangu ana nyumba. Mwambie wifi anitandikie. Na asubuhi hiyo utakaa kwenye kiti cha karibu yangu, usiondoke mapema, nikisimama kuwaambia kwamba mimi ndiye niliyemwambia mwanangu iko sawa.

Biasha